Naomba Kitabu Kitamu

Ukiingia katika maktaba nyingi za umma za Afrika Mashariki siku ya kazi, saa nne asubuhi, utakuta viti vimejaa na rafu zimetulia. Waliokaa wamekuja na vitabu na madaftari yao wenyewe. Huyu anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, yule wa uhasibu, mwingine anamalizia kazi ya chuo. Wanachokifuata ni meza, mwanga na mahali pasipo na kelele za nyumbani. Si jambo la kuwacheka, maana mtoto anayelala chumba kimoja na wadogo zake wanne hana pengine pa kusomea. Lakini akitokea kijana wa bodaboda, ameegesha pikipiki yake nje, akasogea kwenye meza ya kuazimia na kusema, "Shikamoo mama, naomba kitabu kitamu," ana bahati ikiwa hatajibiwa hivi: "Marahaba, mwanangu. Cha somo gani?"

Jibu hilo nataka kuliweka kando ya mengine, yale ambayo wakutubi wa nchi nyingine wamejifunza kuwajibu wasomaji wao. Kumsaidia mtu apate kitabu atakachokifurahia ni kazi yenye historia, ina mabingwa wake na magomvi yake. Na chini ya magomvi yote kuna swali moja: mkutubi ana haki gani juu ya ladha ya mtu mzima?

Waliogombana vikali zaidi ni Wajerumani. Walter Hofmann alikuwa fundi wa kuchonga nakshi kabla ya kuwa mkutubi. Hakupita chuo kikuu, na nadhani ndiyo sababu alimheshimu mfanyakazi wa kiwandani kama msomaji kamili kuliko walivyomheshimu wakutubi wasomi wa siku zake. Mwaka 1906 alifungua maktaba ya umma Plauen, mtaa wa viwanda wa Dresden, kisha akaenda kuongoza maktaba za mji wa Leipzig kwa utaratibu aliouamini. Msomaji hakutembea kati ya rafu. Kati yake na vitabu palikuwa na kaunta, na nyuma ya kaunta alisimama mkutubi aliyefunzwa kusikiliza. Kila mwanachama alikuwa na kijitabu cha kuandikia alichoazima, ili mkutubi aone alikotoka kabla ya kumshauri pa kwenda. Vitabu vya kupotezea muda havikununuliwa. Hofmann hakutaka kuazimisha vitabu vingi. Alitaka kukutanisha kitabu hiki na mtu huyu, na mengine yote aliyaona kuwa biashara ya duka.

Mpinzani wake, Erwin Ackerknecht wa Stettin (leo Szczecin, nchini Poland), aliona maktaba ya umma haiwezi kumfungia mlango mtu aliyechoka anayetaka kitabu chepesi. Ukimnyima, hatakwenda kwa Goethe. Atakwenda kibandani kununua vijitabu vya bei poa. Wakaandikiana majaridani miaka na miaka, kila upande ukiamini kwamba ndio unaowapenda watu.

Ni rahisi kumcheka Hofmann, lakini alifanya jambo ambalo maktaba zetu nyingi hazijalifanya hadi leo: aliwachunguza wasomaji wake. Alijua mafundi wanaazima nini, mama wa nyumbani nini, wasichana wa dukani nini, na mwaka 1931 akachapisha kitabu kizima kuhusu usomaji wa wanawake kilichotokana na kumbukumbu za uazimaji. Sisi tunahesabu vichwa vinavyoingia mlangoni, tunaandika idadi kwenye ripoti ya mwezi, basi.

Kasoro yake ilikuwa ile kaunta. Anayesimama kati ya msomaji na rafu, hata awe na moyo mweupe kiasi gani, ameshika ufunguo, na ufunguo huhama mkono. Mwaka 1933, Wanazi waliposhika dola, orodha ya vitabu haramu iliyotumika katika uchomaji wa mwezi Mei iliandaliwa na mkutubi, Wolfgang Herrmann. Hofmann siye aliyeiandika. Lakini msomaji ambaye kwa miaka yote amekuwa akiletewa kitabu mezani, asiione rafu, angejuaje kwamba kuna kilichoondoka?

Kwa Warusi njia mbili zilikwenda sambamba. Nadezhda Krupskaya, mke wa Lenin, aliongoza elimu ya siasa baada ya mapinduzi, na chini yake maktaba zilipelekewa nyaraka za kuondoa vitabu vilivyohesabiwa kuwa na madhara. Kuongoza usomaji wa watu kukawa kazi rasmi ya mkutubi wa Kisovieti. Njia ya pili ilikuwa ya mtu mmoja, na kwangu mimi ndiye mwenye hekima kuliko wote wa kundi hili. Nikolai Rubakin, aliyezaliwa 1862, alikulia katika maktaba ya kuazimisha vitabu ya mama yake huko Saint Petersburg. Kuanzia 1907 aliishi Uswisi, na huko akaandikiana barua na maelfu ya wasomaji, wengi wakiwa wakulima na wafanyakazi wanaojisomea wenyewe, akiwatungia mpango wa kusoma mmojammoja. Kutokana na barua zile akajenga nadharia nzima: kitabu hakiwi kilekile mikononi mwa watu wawili. Tunachokiita maudhui ya kitabu, alisema, ni kile ambacho msomaji huyu, kwa hulka yake na aliyoyapitia, amekiamsha ndani yake. Kwa hiyo haifai kuuliza kitabu gani ni bora. Ulizia kwanza huyu ni nani. Lenin alipoihakiki kazi yake kubwa kuhusu vitabu mwaka 1914, alimlaumu kwa kutochukua upande. Lawama hiyo naisoma kama sifa.

Wamarekani walianza kwa kuionea haya riwaya. Katika miaka ya 1890 baadhi ya maktaba zao zilimruhusu mwanachama achukue vitabu viwili kwa mkupuo, kwa sharti kwamba kimoja kisiwe cha hadithi. Hata hivyo, tangu 1876 Samuel Swett Green wa Worcester, Massachusetts, alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba mkutubi achangamane na wasomaji, na amwonee uchungu anayeondoka mikono mitupu kama mwenye duka anavyomwonea uchungu mteja asiyenunua. Duka lilelile ambalo Hofmann alilidharau, Green alilifanya shule. Tofauti ya mabara haya mawili imo humo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Jennie Flexner aliendesha ofisi ya ushauri wa usomaji katika maktaba ya umma ya New York. Mtu alikaa naye kwa mazungumzo, akaeleza hali yake na haja yake, kisha akaandikiwa orodha yake peke yake. Alikuwa na roho ya Hofmann bila kaunta ya Hofmann. Lakini hata kwake nia ilikuwa kujiendeleza. Starehe ilipita kwa mlango wa nyuma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia huduma hiyo ikafifia. Ilipofufuka katika miaka ya 1980 ilikuwa imegeuka kabisa. Betty Rosenberg, ambaye mwongozo wake wa riwaya pendwa ulitoka 1982, alishikilia kwamba hakuna anayepaswa kuona haya kwa anachopenda kusoma. Kisha mwaka 1989 Joyce Saricks na Nancy Brown, wakutubi wa Downers Grove karibu na Chicago, wakachapisha mwongozo ambao wanafunzi wa ukutubi nchini humo wanausoma mpaka sasa.

Njia ya Saricks inafaa ielezwe polepole, kwa sababu inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Mkutubi hamuulizi msomaji anataka kitabu kuhusu nini. Anamwambia: nieleze kitabu ulichokifurahia. Kisha ananyamaza na kusikiliza, si jina la kitabu, bali maneno anayotumia kukieleza. Mmoja atasema, "Kilinikimbiza, sikulala." Huyo anazungumzia mwendo. Mwingine atasema, "Yule mama nilimwona kama namjua," naye anazungumzia wahusika. Wa tatu atataja mji, baridi, harufu ya bandari. Saricks alianza na mambo manne: mwendo, wahusika, mtiririko wa kisa na mandhari, baadaye yakaongezwa hali ya moyo ambayo kitabu kinamwachia msomaji, na lugha. Kisha mkutubi anatoa vitabu viwili vitatu, kwa maneno ya kupendekeza na si ya kuagiza, na kumwacha mtu achague. Nancy Pearl wa Seattle alirahisisha zaidi: kila kitabu kina milango minne, yaani hadithi, wahusika, mandhari na lugha, na kila msomaji ana mlango anaopenda kuingilia. Ndiye huyo aliyeweka pia kanuni ya kurasa 50: kama hujavutwa mpaka hapo, weka chini uchukue kingine, na ukipita umri wa miaka 50, toa miaka yako kwenye 100 upate kurasa unazodaiwa. (Mwaka 2003 walimtengenezea mwanasesere, kidole mdomoni. Sijui nchi nyingine inayomfanyia mkutubi hivyo.)

Sasa ilete njia hiyo kwenye rafu ya Kiswahili. Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba rafu yenyewe haisemi kitu. Kwa mpangilio wa Dewey, fasihi yote ya Kiswahili iko chini ya namba inayoanza na 896.392, na riwaya hujipanga kwa jina la mwandishi. Kwa hiyo *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi imekaa ubavuni mwa *Nagona*, ya Kezilahabi huyohuyo. Msomaji aliyelia na Rosa, binti wa Ukerewe aliyebanwa na baba mpaka alipoachiwa akapotea, atanyoosha mkono achukue kijitabu kile chembamba kilichofuata, akidhani amepata ndugu yake. Atakutana na ndoto, mafumbo na falsafa. Atakirudisha kesho akiwa ameshajiona mjinga, na pengine harudi tena. Mtu huyo alihitaji *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed: Maimuna, baba aliyefunga mlango, na gharama ya kutoka nje ghafla. Mwandishi si yuleyule, wala pwani si ziwa, lakini kidonda ni kimoja. Hakuna katalogi itakayokuambia hivyo. Ni lazima mtu awe amevisoma vyote viwili.

Au chukua upelelezi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anavuta kiko chake Unguja na kufikiri. Siri zake ni za koo, urithi na nasaba, na nusu ya utamu ni jinsi watu wanavyosema. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na *Kufa na Kupona* mwaka 1974, anapanda ndege, anapiga risasi, anapambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Wote wawili huwekwa kapu moja la riwaya za upelelezi, na ni kosa. Anayempenda Gamba kwa mwendo mpe Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Anayempenda Bwana Msa pengine hapendi upelelezi hata kidogo: anapenda Unguja na lugha yake. Huyo mpeleke kwa Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, kwa Yasmin anayemkimbia mume mzee akaingia katika mapenzi na siasa za ukoloni unaokufa. Ameshaiona filamu ya Amil Shivji ya 2021? Afadhali, nusu ya kazi imefanyika. Akitoka hapo kuna *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Umemtoa mtu kwenye riwaya ya mauaji ukamfikisha kwa mshindi wa Nobel bila kumwambia hata mara moja kwamba unamwinua.

Mpaka hapo nakubaliana na Wamarekani. Ninapoachana nao ni kwenye lile swali lenyewe. "Nieleze kitabu ulichokifurahia" linamdhania mtu ana vitabu nyuma yake. Kijitabu cha Hofmann kilidhani hivyo, na barua za Rubakin pia. Kwetu, mtu mzima aliyemaliza shule miaka kumi iliyopita mara nyingi vitabu anavyovikumbuka ni vile vya mtihani, alivyovisoma akitafuta dhamira na tamathali za semi. Ukimuuliza kitabu alichokipenda utapata ukimya, au jina la kitabu teule lililotajwa kwa adabu. Kisha atasema lile neno ambalo wakutubi wote wamelisikia: "Mimi si msomaji."

Mtazame vizuri huyo asiye msomaji. Pengine alikuwa akinunua gazeti la udaku kila wiki kwa ajili ya hadithi za mfululizo za Eric Shigongo, na siku gazeti lilipochelewa alimgombeza muuzaji. Siku hizi yumo kwenye grupu la WhatsApp la simulizi, sehemu ya kwanza bure, zinazofuata kwa malipo ya simu, na anasoma mpaka saa nane usiku. Mama yake alikaa kando ya redio kusikiliza *Mama na Mwana* kutoka Redio Tanzania. Bibi yake hakujua kusoma, lakini alijua hadithi ngapi? Mtu wa namna hii ana historia ndefu ya kusisimkwa, ila haimo kwenye vitabu, na hajawahi kuambiwa kwamba inahesabika. Mazungumzo naye yangekwenda hivi:

"Mama, mimi si msomaji sana."

"Sawa. Hadithi gani imekukosesha usingizi karibuni? Hata ya kwenye simu."

"Kuna moja tunarushiwa. Jambazi amegundua anayemwinda ni kaka yake."

"Na wewe uko upande wa nani?"

Baada ya jibu la swali hilo la mwisho, mkutubi aliyesoma vitabu ishirini vya Kiswahili ana cha kufanya. Asiyesoma hana, hata awe na shahada.

Kwa nini hatukufika huko? Ukoloni ulituachia shirika lililofanana na Hofmann kuliko lilivyojua. Shirika la vitabu la East African Literature Bureau, lililoanza 1948, lilichapisha, likapeleka masanduku ya vitabu mikoani na kuazimisha kwa posta, na wahariri wake waliamua Mwafrika anahitaji kusoma nini. Lakini hata kwa shirika hilo mambo yaliliponyoka lenyewe: shindano lake la uandishi ndilo lililomtoa Bwana Msa, na *Mzimu wa Watu wa Kale* ukachapwa nalo mwaka 1960. Baada ya uhuru, Tanganyika ilitunga sheria ya bodi ya maktaba mwaka 1963 na Kenya ikafuata na yake mwaka 1965. Kisha Tanzania ikaingia katika kampeni ya kisomo chenye manufaa, na watu wazima wakajifunza herufi kwa vitabu vya pamba, tumbaku, migomba na ng'ombe. Siidharau kampeni ile. Nchi chache zimewahi kufanya kitu kikubwa kama hicho. Ila jina lenyewe linasema yote. Furaha haikuwekwa kwenye hesabu ya manufaa. Wakati huohuo, mjini, vijana wa miaka ya 1970 walikuwa wakinyang'anyana nakala za riwaya za upelelezi za Katalambulla na Musiba ambazo hakuna mwalimu aliyewapa, na *Rosa Mistika* ilipigwa marufuku shuleni, jambo lililoiongezea wasomaji.

Nairobi ina kisa chake. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika aliyepita mbele ya simba wake wa mawe alipita tu. Kumruhusu mtu kuingia baadaye hakubadilishi kilichonunuliwa kabla yake: rafu ilishajazwa kwa ladha ya mlowezi. Book Bunk, asasi iliyoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017, imekuwa ikikarabati jengo hilo na matawi ya Kaloleni na Makadara, na nionavyo mimi kazi yao ngumu si paa wala sakafu, ni kuamua nini kikae kwenye rafu na kimfae nani.

Hapo ndipo S. R. Ranganathan anapofaa. Alikuwa mwalimu wa hisabati Madras, India, akapewa ukutubi wa chuo kikuu mwaka 1924, akapelekwa London kujifunza, akaona Croydon na kwingineko wasomaji wakitembea huru kati ya rafu. Kanuni zake tano za 1931 zinajulikana na kila aliyesomea ukutubi Dar es Salaam, Makerere au Moi. Tatizo ni kwamba zinakaririwa kama dua. Ya pili inadai kila msomaji apate kitabu chake, na hiyo tunaipenda. Ya tatu inageuza: kila kitabu kipate msomaji wake. Maana yake mkutubi anadaiwa na vile vitabu vilivyokaa miaka mitano bila kufunguliwa, avitafutie watu, awafuate. Mwaka huohuo wa 1931 huko Mannargudi vitabu vilizungushwa vijijini kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kenya ilifanya jambo la ukoo huo mwaka 1996, ngamia wa maktaba walipoanza kutoka Garissa. Wapiga picha wa dunia nzima wamewapiga picha ngamia wale. Mimi ningependa kujua kilichokuwemo kwenye masanduku, nani alikichagua, na mtoto gani alikiomba tena.

Pwani yetu, kwa upande wake, ilikuwa imeshaishi na ugomvi wa Hofmann na Ackerknecht karne nyingi bila kugombana. Katika msikiti wa Riyadha, Lamu, ambako Habib Swaleh alijenga darasa lililovuta wanafunzi kutoka pwani nzima, kitabu kiliwekwa wakfu, na mwanafunzi alikisoma mbele ya mwalimu, kimoja baada ya kingine kwa mpangilio uliojulikana, mpaka apewe ijaza, yaani idhini ya kukifundisha. Hakuna aliyemuuliza kama amekifurahia. Jioni, mtu yuleyule alikaa barazani au uani akasikia utenzi ukighaniwa au hadithi ikitolewa, na huko sheria ilikuwa nyingine: msimulizi akisema "Paukwa!" hapati ruhusa ya kuendelea mpaka wasikilizaji waitike "Pakawa!" Wakipoa, anafupisha. Wakishika mbavu, anarefusha. Wanawake waliosikiliza utenzi walijua ni mahali gani pa kumrudisha msomaji nyuma asome tena. Asubuhi kwa Hofmann, usiku kwa Ackerknecht, na mtu hakuona aibu kuwa na yote mawili.

Tulipojenga maktaba tulichukua ile ya asubuhi tu. Ile ya usiku tumewaachia wengine, na wanaifanya vizuri. Nenda kwa wauza vitabu wa kando ya barabara Nairobi, wale ambao lazima uiname kuchagua, au kwa wenzao wa Posta, Dar es Salaam. Kitabu kimetandikwa chini, muuzaji amechuchumaa, na kabla hujaokota cha pili ameshakuuliza cha mwisho ulisoma nini na kilikuishiaje. Anakumbuka kwamba wiki iliyopita ulirudisha kile cha mapenzi ukisema kimekupooza. Hajasikia jina la Saricks, lakini asipokupatia kitabu utakachokimaliza hali chakula cha jioni. Green angemtambua mara moja.

Sisemi mkutubi awe mwuza duka. Duka, na zaidi yake mashine za siku hizi zinazopendekeza vitabu, lina ugonjwa wake: linakupa kilekile ulichokula jana. Umependa jambazi, chukua jambazi, jambazi tena, na jambazi wa nne bei nafuu. Mkutubi hadaiwi faida, kwa hiyo anaweza kumudu kukosea kwa makusudi, akatia kitabu cha ajabu kati ya viwili vya kawaida na kukaa kimya. Hapo nakiri kwamba Hofmann alikuwa na neno: mtu anaweza kukitamani kitabu ambacho hajui kama kipo. Lakini rafu iwe wazi, na nakala ziwepo. Riwaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hazipatikani tena dukani kwa urahisi, na maktaba inayojaza bajeti yake vitabu vya mtihani peke yake haitakuwa na cha kupendekeza hata mkutubi akiuliza swali zuri kiasi gani. Kuanza si gharama kubwa. Karatasi moja iliyobandikwa ubavuni mwa rafu, kwa maneno ya wasomaji wenyewe: hivi vinakimbia, hivi vinaliza, hivi ni vya Unguja, hivi vinataka utulivu.

Kijana wa bodaboda, tuseme, amemaliza vitabu vitatu vya Willy Gamba na viwili vya Joram Kiango, na amerudi anataka kingine cha namna hiyo. Saricks angempa cha namna hiyo. Hofmann angempa *Nagona* na kumpoteza. Mimi ningempa *Haini* ya Adam Shafi, iliyotoka 2003: kuna kukamatwa usiku, kuna mahojiano, kuna wapelelezi tele, ila safari hii msomaji yuko seli pamoja na anayehojiwa, na mwenye bastola si rafiki yake. Kinaweza kumkaa. Asipopendezwa mpaka ukurasa wa 50 akirudishe, Nancy Pearl ameshamruhusu, na *Tutarudi na Roho Zetu?* ya Mtobwa itakuwa imewekwa chini ya meza inamsubiri.